Mtambo wa Kwaya Ukinyamaza, Uhojiwe Kabla ya Kuzikwa

Na Mwandishi Wetu

WAFANYAKAZI wengi wa mijini wenye asili ya Karagwe na Kyerwa wameizoea habari hii. Mshahara haujatimiza wiki moja mfukoni, simu inalia kutoka nyumbani: mashine ya kwaya imekufa, sikukuu imekaribia, tunaomba mchango tununue nyingine. Aliye Dar es Salaam anatoa chake, aliye Mwanza anatoa chake, na wazee nyumbani wanaongeza kilichopatikana kwenye kahawa. Mashine mpya inanunuliwa. Ile ya zamani inafunikwa gunia na kuwekwa stoo, juu ya ile iliyokufa kabla yake. Katika shughuli yote hiyo ni nadra kusikia mtu akiuliza marehemu aliugua nini.

Mtambo unaozungumzwa hapa ni ule wenye safu za vitufe na vitelezi, ambao vijana wa kwaya huuita miksa. Kazi yake ni kuzipokea sauti nyingi kwa wakati mmoja, ya mwimbaji kiongozi, ya kinanda, ya gitaa, ya mhubiri, kila moja katika njia yake, kisha kuzipima na kuziunganisha ziwe sauti moja inayokwenda kwenye amplifaya na spika. Studio ya redio nayo hutegemea mtambo wa namna hiyo hiyo. Mtangazaji aweza kuwa na mnara mzuri na mitambo mizuri ya kurushia, lakini miksa ikigoma hana la kusema hewani.

Matangazo ya redio yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na baadaye katika miaka yote ya Redio Tanzania, msikilizaji wa Karagwe hakuwa na haja ya kuyajua mambo haya. Mtambo ulikuwa mbali naye, na kando yake aliketi fundi mitambo aliyeajiriwa kuuangalia. Tangu miaka ya 2000 hali imegeuka. Karagwe imepata redio zake yenyewe, FADECO na Redio Karagwe, zinazozungumza na mkulima juu ya migomba, kahawa na mikutano ya kijiji chake. Makanisa yamepata vyombo, na kumbi za harusi zimepata vyombo. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, nayo haiko nyuma. Mitambo imesambaa hadi vijijini, lakini fundi mitambo hakusambaa nayo. Kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na anayetoka Murongo, pale mpakani mwa Uganda, ana safari ndefu zaidi. Ndiyo maana hukumu ya kifo hutolewa upesi.

Hata hivyo, miksa nyingi zinazozikwa ziko hai. Ugonjwa wake huwa mdogo, na mara nyingi huwa mahali pamoja tu. Kazi ngumu ni kupajua mahali hapo, na kazi hiyo haihitaji vyombo vya ajabu. Inahitaji utaratibu na mtu asiye na papara.

SAUTI INAPOTELEA WAPI?

Tuseme kuna kwaya huko Nkwenda. Asubuhi ya Jumapili njia ya 3, anayoimbia kiongozi, haitoi sauti. Fundi mwenye haraka hutoa bisibisi palepale. Fundi mwenye akili haigusi skrubu hata moja. Kwanza anaangalia kama kitufe cha kunyamazisha njia hiyo kimebonyezwa bila mtu kujua, maana mitambo hii ina vitufe vingi na watoto wa kanisa wana vidole vingi. Kisha anachukua mikrofoni ileile na waya uleule, anavihamishia njia ya 4 ambayo ni nzima. Ugonjwa ukihama na waya, mgonjwa ni waya au mikrofoni. Ukibaki njia ya 3, mgonjwa ni mtambo. Jaribio hili huchukua dakika moja na halina gharama, nalo lingeziokoa miksa kadhaa zilizofunguliwa bure. Waya ndio unaokanyagwa, unaokunjwa na kuvutwa kila wiki. Yafaa uwe mshukiwa wa kwanza siku zote.

Ikibainika kwamba njia ya 3 yenyewe ndiyo mbovu, bado hakuna sababu ya kufungua. Mitambo mingi ina kitufe kilichoandikwa PFL, kinachomwezesha fundi kuisikiliza njia moja kwa hedifoni kabla sauti haijafika kwenye kitelezi. Akibonyeza na kumsikia kiongozi vizuri, basi sauti imeingia salama, imekuzwa salama, na imepotelea mbele: kwenye kitelezi, kwenye kitufe cha kunyamazisha, au kwenye waya unaoikusanya pamoja na nyingine. Asipomsikia, imepotelea nyuma, karibu na mlango. Kwa kubonyeza kitufe kimoja ameligawa pori katika sehemu mbili na kuiacha moja.

Sehemu iliyobaki nayo hugawanywa. Nyuma ya mtambo, au juu yake, kila njia huwa na tundu ambalo mafundi huliita insati. Limewekwa ili sauti iweze kutolewa nje katikati ya safari yake, ipitishwe kwenye chombo kingine, kisha irudishwe. Fundi anayetafuta ugonjwa hulitumia kama mlango wa uani. Huchomeka waya hapo na kuupeleka njia nyingine iliyo nzima. Sauti ikisikika, nusu ya kwanza ya njia ya 3 haina kosa.

Na hapo hapo kwenye tundu la insati ndipo penye siri ambayo kila mwalimu wa kwaya angefaidika kuijua. Tundu likiwa tupu, sauti hupita ndani yake kwa kugusana kwa vibati viwili vidogo. Vibati hivyo vikipata kutu au vumbi, havigusani tena sawasawa. Njia hufifia, hukwaruza, huja na kutoweka, au hunyamaza kabisa. Basi chomeka plagi katika tundu hilo na kuichomoa, mara 10 au 15 hivi. Sauti ikirudi, umempata mhalifu. Dawa hiyo ni ya muda tu, kwani vibati bado vinahitaji kusafishwa kwa dawa yake maalumu isiyoacha mafuta, lakini ibada ya siku hiyo imeokoka. Ni mojawapo ya magonjwa yanayojirudia sana katika miksa yoyote, iwe ya bei kubwa au ndogo.

Ndugu yake wa karibu ni kitelezi kinachokwaruza kila kinaposogezwa. Ndani yake mna njia nyembamba ya kaboni, na juu yake hutambaa kidole cha chuma. Vumbi jekundu la barabara zetu likiingia kati yao, kila msogeo ni mkwaruzo. Wako wanaomimina mafuta ya taa au mafuta ya cherehani. Kwa siku mbili huonekana kama wamefanya muujiza, kwa kuwa mafuta hulainisha. Siku ya tatu yamekamata vumbi na kuligeuza tope, na kitelezi kilichokuwa kichafu sasa kimeharibika.

MVUMO NA DO YAKE

Kuna ugonjwa mwingine unaowasumbua watu kuliko ukimya: mvumo mzito usiokoma, unaosikika hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Atakayeumia zaidi ni mpigaji wa enanga. Sauti ya chombo hicho ni ya upole, na anayetaka kukirekodi hulazimika kuifungua mikrofoni sana, na mvumo nao hukua pamoja nayo.

Hapa kwaya ina kipimo ambacho fundi wa mjini humlazimu kukinunua: sikio la mwalimu. Umeme wa nchini kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mvumo unaotoka nje ya mtambo, kutokana na jinsi vyombo vilivyounganishwa, kwa kawaida huimba noti hiyo ya 50. Mvumo unaozaliwa ndani, pale kapasita kubwa za kusawazisha umeme zinapochoka, kwa kawaida huimba 100, kwa sababu dayodi hukunja kila wimbi likawa mawili. Tofauti ya 50 na 100 ni ileile ya do ya chini na do ya juu. Mwalimu aliyefundisha kwa sol-fa anaweza kuitambua akiwa amesimama mlangoni, na asiyejiamini ana programu ya kupimia noti katika simu yake.

Mvumo ukiwa wa nje, mara nyingi chanzo chake ni hiki: miksa imechomekwa ukuta huu, amplifaya imechomekwa ukuta ule, na vyote viwili vimeshika ardhi kwa njia mbili tofauti. Waya wa sauti ulio kati yao unakuwa daraja la umeme usiotakiwa. Tiba yake ni rahisi. Vyombo vyote vipate umeme mahali pamoja. Ikishindikana, pawekwe transfoma ndogo ya kutenganisha katika waya wa sauti.

Lakini wengi wamegundua tiba nyingine iliyo rahisi zaidi, nayo ni kuukata waya wa ardhi, ule mafundi wauitao ethi, au kuivunja pini yake. Mvumo hukoma mara moja na fundi hupongezwa. Mwandishi wa makala haya angependa fundi huyo afukuzwe. Ethi haikuwekwa kwa ajili ya sauti. Imewekwa ili siku umeme utakapovuja na kushika bodi ya chombo, ukimbilie ardhini usimpitie mtu. Bila ethi, mpigaji gitaa aliyeshika nyuzi za chuma kwa mkono mmoja huwa waya mwenyewe pindi anapoigusa mikrofoni kwa mkono wa pili. Mwaka 1972 mpigaji gitaa Mskochi, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows, aliuawa na umeme jukwaani mjini Swansea, Wales, kwa kushika mikrofoni ambayo haikuwa na ethi sawasawa. Hakuwa mwanafunzi wala mgeni wa vyombo. Katika kanisa la sakafu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi, na waimbaji walio peku, hatari ni kubwa zaidi.

BATI LA KYERWA

Njia zote zikinyamaza kwa pamoja, au zote zikikoroma, usihangaike na njia moja moja. Tafuta kile wanachoshirikiana, na kwanza kabisa ni umeme wa ndani. Miksa hupokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa umeme mdogo: kwa kawaida volti 15 hadi 18 za chanya, kiasi hichohicho cha hasi, na volti 48 za kuendeshea mikrofoni zinazohitaji umeme wake. Chanya na hasi huenda pamoja kama magurudumu mawili ya mkokoteni. Moja likikatika, taa za mbele huenda zikaendelea kuwaka na kumdanganya mtazamaji, lakini sauti hutoka imepasuka au haitoki kabisa. Fundi mwenye multimita huimaliza hoja hiyo kwa vipimo vitatu.

Kipimo hicho hicho huonyesha mengine. Volti 48 za mikrofoni hupimwa mlangoni: pini ya 2 na pini ya 3, kila moja dhidi ya pini ya 1, zinapaswa kulingana. Zisipolingana, moja ya rezista mbili zinazozilisha imekatika, na mikrofoni nzuri itaonekana mbovu. Ndani zaidi kuna vipande vyeusi vyenye miguu 8, kama ile TL072 inayopatikana katika miksa nyingi. Mguu wa 8 upate chanya, mguu wa 4 upate hasi, na miguu ya 1 na 7, inakotokea sauti, ikae karibu na sifuri. Ukikuta mguu wa 1 umeng'ang'ania volti 14 wakati jirani zake wote wako sifuri, hapo pana kesi ya kujibu.

Haya ya ndani si ya kila mtu. Upande wa umeme wa ukutani, kapasita zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Mzazi mwenye kijana anayependa kufungua vitu na amruhusu, lakini kijana huyo aanzie kwenye nyaya na plagi, na asiuguse upande huo mpaka afundishwe kupima kabla ya kushika.

Kuna ugonjwa mmoja ambao Kyerwa ina haki ya kuudai kuwa wake. Miksa inaimba vizuri kwa nusu saa, inapata joto, inanyamaza. Ukiipiga kofi inaamka. Watu husema ina shetani. Shetani huyo ni lehemu. Kila kipande ndani ya mtambo kimeshikwa kwa tone la lehemu, na lehemu ni bati, lile madini lenyewe, si la kuezekea. Kwa miaka mingi lehemu ya mafundi imekuwa mchanganyiko wa bati sehemu 60 na risasi sehemu 40. Madini ya bati yamechimbwa katika ardhi ya Kyerwa tangu enzi za ukoloni, yakasafirishwa nje kama mawe. Nani ajuaye, huenda punje zake zimerudi nyumbani ndani ya redio na miksa.

Tone hilo likipashwa joto na kupoa kila Jumapili, miaka nenda rudi, hupata ufa mwembamba kuuzunguka mguu wa kipande. Kwa macho linaonekana zima. Kwa kioo cha kukuzia utaona duara jeusi jembamba kama unywele. Tangu mwaka 2006, nchi za Ulaya zilipozuia risasi katika vyombo vingi vya umeme, viwanda vingi hutumia lehemu yenye bati karibu tupu. Hiyo huhitaji moto mkali zaidi kuyeyuka, zaidi ya nyuzi 215, wakati ile ya zamani huanza kuyeyuka kwenye 183, na hailali kwa namna ileile. Fundi aliyezoea ya zamani huitazama kazi nzuri akaiona mbaya, na mbaya akaiona nzuri.

Namna ya kumtoa shetani ni kuichokoza miksa ikiwa inaimba: kijiti kikavu cha mti, kamwe si bisibisi, kiguse taratibu kipande kimoja baada ya kingine mpaka sauti iitikie. Palipoitikia, pasi ya kulehemu na lehemu mpya kidogo vinatosha. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi tangu zamani za watawala wa Bweranyange, na vyombo vyao vya chuma vimewastaajabisha wageni. Kuyeyusha tone la bati si kazi ya kuishinda.

ANALIPWA NANI, NA KWA KAZI GANI?

Vumbi na unyevu ni adui wa kila siku. Mende na mijusi hupenda joto la mtambo, na radi za ukanda wa Ziwa Viktoria hazihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kagera. Kifuniko cha kitambaa, na plagi iliyochomolewa mawingu yanapotanda, huzuia mengi. Hayo yanajulikana, ingawa hayafanywi.

Jambo lisilozungumzwa ni malipo. Kwa desturi yetu fundi hulipwa kwa kubadilisha kitu. Akitumia saa 3 kutafuta, kisha akasafisha tundu la insati kwa dakika 2, mhasibu wa kwaya atamuuliza: "Umeweka kipuri gani?" Hakuna kipuri, basi hapewi kitu ila shukrani. Mara ya pili fundi huyo atajifunza. Atabadilisha kapasita 6 zisizo na kosa, atachoma bodi kwa pasi yenye moto mwingi, na risiti itakuwa ndefu ya kumridhisha kila mtu. Mtambo ulioingia na ugonjwa mmoja utatoka na minne. Kamati inayokataa kulipia utafutaji ndiyo iliyoagiza uharibifu huo, na ndiyo itakayopiga simu mjini kuomba mchango.

Mitambo mipya ya kidijiti imeongeza ugumu. Vipande vyake ni vidogo kama chawa, na baadhi ya magonjwa yake yamo katika programu, si katika waya. Lakini hata hiyo ina plagi, nyaya, vitelezi na umeme wa ndani, na inahojiwa kwa utaratibu uleule kutoka nje kwenda ndani. Michoro ya miksa nyingi za zamani hupatikana kwa mtandao wa intaneti. Simu ya mkononi iliyojaa nyimbo ni chanzo kizuri cha sauti ya kujaribia, kwa kuwa haichoki kama mtu anayehesabu "moja, mbili, moja, mbili".

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya namna hii lazima itoke mbali. Katika miaka ya 1990, umeme wa gridi ukiwa bado ndoto kwa vijiji vingi, kituo cha KARADEA huko Karagwe kilifundisha ufundi wa umeme wa jua, na waliojifunza humo walitoka hata nje ya Tanzania. Walifundishwa kushika mita, kufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho, na kutobadilisha kitu kabla ya kupima. Darasa la miksa lingehitaji mambo hayo hayo, na meza moja. Mitambo ya kujifunzia iko tayari katika stoo za makanisa, chini ya magunia.

Redio na kwaya zinaweza kuanza na daftari la shilingi chache, lifungwe kwa kamba kwenye meza ya mtambo. Kila ugonjwa uandikwe siku unapotokea: tarehe, namba ya njia, sauti ilikuwaje, mvua ilikuwa ikinyesha au la, jenereta ilikuwa ikiunguruma au umeme wa kawaida, kilichojaribiwa na kilichoonekana. Fundi atakayekuja baada ya miezi 6 ataanza kwa kulisoma.